Primo hadi decimo ninazo, undicesimo imetoka wapi?

Wasomaji wetu, masuali ya lugha ya mwezi huu nimeyakusanya ya jambo moja tu maana yaliyoingia yanafanana mno, huyu yuko Kiwengwa na Kitaliano chake, yule yuko Chake na Kireno, mwengine Kifaransa, mwengine ni mpira tu, lakini wote wamekwama pahala pamoja: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea. Basi nawajibu kwa mpigo. Aliyeuliza habari ya "r" na "l" avumilie kidogo, zamu yake itafika.

*Asalaam aleikum Maalim. Mimi nahudumu kwenye mkahawa wa hoteli huku Kiwengwa, wageni wetu wengi Wataliano. Primo, secondo, terzo mpaka decimo nimezikariri zote sina tabu. Nikifika kumi na moja nasikia undicesimo, ishirini ventesimo, hazifanani kabisa na zile kumi za mwanzo. Kanuni yake nini, au ndo nikariri mpaka mia? (Mhudumu, Kiwengwa)*

Waaleikum salaam mwanangu. Usikariri mpaka mia, utachoka bure. Hapo ulipokwama, baina ya kumi na kumi na moja, ndipo penye mpaka, na ukishaujua mpaka ulipo kazi imekwisha.

Sikiliza. Warumi wa kale kwa Kilatini chao, lugha iliyozaa Kitaliano na ndugu zake, walikuwa na primus, secundus, tertius, quartus, quintus, sextus, septimus, octavus, nonus, decimus. Hizi kumi kila moja ina sura yake, hakuna njia ila kuzijua, na zile mbili za mwanzo hata hazitokani na namba yenyewe. Moja yao ni unus lakini wa kwanza wakamwita primus, neno la ukoo wa "mbele". Mbili ni duo lakini wa pili ni secundus, na hilo limetoka kwenye kitendo chao cha kufuata, yaani secundus ni huyo anayefuata tu. Usiwashangae, sisi wenyewe tuna moja lakini hatusemi "wa moja", tunasema wa kwanza kwa sababu ndo anayeanza, na tuna mbili lakini tunasema wa pili. Na mtoto yoyote aliyekaa chuoni anajua Mwarabu akihesabu ni wahid, akipanga ni awwal. Watu wengi duniani wamefanya hivi, maana anayeanza na anayemfuata huhitaji kuhesabu ili uwajue, unawaona tu, kuhesabu kwenyewe kunaanza wa tatu.

Sasa ukipanda juu Kilatini kikabadilika. Ishirini na kwenda mbele kila kumi kwa wa ngapi ilipata mkia mmoja, -esimus: vicesimus wa ishirini, tricesimus wa thalathini, centesimus wa mia, millesimus wa elfu. Katikati hapo kumi na moja mpaka kumi na tisa palikuwa na fujo yake, undecimus, duodecimus, halafu tertius decimus kwa maneno mawili, na ukifika kumi na nane wakakwambia duodevicesimus, yaani wa ishirini kasoro mbili! Hio hakuna mtoto hata mmoja wa Kilatini aliyeirithi, na mimi nawaunga mkono.

Mtaliano alichofanya ni kuziweka zile kumi za mwanzo kama alivyozikuta, halafu ule mkia wa juu akauteremsha mpaka kumi na moja akaubandika kila pahala. Kwa hiyo chukua namba yenyewe, kata irabu ya mwisho, tia -esimo. Undici inakuwa undicesimo, dodici dodicesimo, venti ventesimo, quaranta quarantesimo, cento centesimo. Kinachokataa ni namba zinazoishia na tre na sei, hizo irabu haikatwi, ventitreesimo kwa e mbili na ventiseiesimo. Basi, umemaliza mpaka mia na zaidi. Na mkia huo mpaka leo uko hai, wameubandika hata kwenye herufi n (wao wanaiita enne) wakapata ennesimo, "wa sijui wa ngapi". Mgeni akija mapokezi akikwambia "per l'ennesima volta" wi-fi haishiki ujue ameshasema mara nyingi na uso wake utakuonesha.

Usisahau pia kuwa zinafuata jinsia ya kitu, primo piano ghorofa ya kwanza lakini prima volta mara ya kwanza, haina ugumu kwa mtu aliyezaliwa na ngeli, wa kwanza, ya kwanza, cha kwanza, tunafanya kutwa.

Kwa kazi yako kuna mitego miwili. Wa kwanza menyu: primo kwao ni sahani ya pasta, wali au supu, na secondo ndio samaki au nyama, sasa mgeni akiagiza antipasto kabla basi hio primo inatua mezani ikiwa ya pili na secondo ya tatu, usijaribu kumsahihisha. Wa pili ni kwa wenzako wanaotembeza wageni mjini. Karne wanazitaja kwa njia mbili. Ukisema Sultan Barghash ametawala kuanzia 1870 mpaka 1888 ni diciannovesimo secolo, karne ya kumi na tisa, lakini Mtaliano mwenyewe atakujibu "ah, l'Ottocento", yaani mia nane, miaka ya elfu moja mia nane na kitu, elfu wameimeza. Kijana akisikia otto akatafsiri karne ya nane ameshapoteza miaka elfu hapo hapo. Na ukianza kumhesabu Sayyid Majid kuwa il primo sultano, Barghash ni il secondo, na Jamshid aliyeondoka na Mapinduzi ya 1964 ni l'undicesimo (ukimtia hesabuni na Khalid bin Barghash wa zile siku chache za 1896), na hapo ndo utaona faida ya mkia wako. Tarehe lakini waachie namba tupu, Mapinduzi ni il dodici gennaio, siku ya mwanzo ya mwezi tu ndo inaitwa primo. Kama sisi na Mei Mosi.

*Shikamoo Maalim. Mie mfanyabiashara Chake Chake, nna shemegi yangu yuko Pemba, sio hii yetu, ile ya Msumbiji. Kanipigia kaniambia mzigo ataupakia "terça". Mie kwa kujua kidogo kuwa tatu kwa Kireno ni três nikaandika Jumatatu, nikamtafuta siku nzima, kumbe kakusudia Jumanne! Nani kakosea hesabu, wao au sisi? (Mwenye duka, Chake Chake)*

Marahaba. Hakukosea mtu, mmeanza kuhesabu siku tafauti tu.

Wareno siku zao za kazi hawana majina, wana namba za mpango: segunda-feira, terça-feira, quarta-feira, quinta-feira, sexta-feira, na wakizungumza ile feira wanaiacha, kama alivyofanya shemegi yako. Wao ya kwanza ni Jumapili ingawa wenyewe wanaiita domingo, siku ya Bwana, kwa hiyo ya pili, segunda, inaangukia Jumatatu. Sisi juma letu linakwisha Ijumaa, kwa hiyo mosi yetu ni Jumamosi na tumewatangulia kwa siku moja. Ndo maana namba ya Mreno ukiiongeza moja unapata yetu: segunda Jumatatu, terça Jumanne, quarta Jumatano.

Halafu fika quinta uone mambo. Quinta ni ya tano, ukiongeza moja ungetegemea "Jumasita", lakini hatuna, tuna Alhamisi, na Alhamisi ni neno la Kiarabu la ukoo wa khamsa, tano! Waarabu nao wanaanza Jumapili, al-ahad. Kwa hiyo juma letu Waswahili limeshonwa kwa hesabu mbili na mshono unaonekana wazi, Jumatano ya tano kwa hesabu yetu na kesho yake Alhamisi ya tano kwa hesabu ya Kiarabu, tano mbili zimekaa ubavu kwa ubavu na hakuna anayestuka. Mreno na Mwarabu kwenye Alhamisi wanakubaliana kabisa. Kwa hiyo kanuni yako ya biashara ni hii, ongeza moja mpaka Jumatano, Alhamisi usiongeze, sexta ni Ijumaa, sábado na domingo zina majina yake.

Kwa nini Wareno peke yao? Ndugu zao wote wakubwa wamebaki na miungu ya Kirumi, hio Jumanne Mhispania anaiita martes, Mfaransa mardi, Mtaliano martedì, yote siku ya Mars mungu wa vita. Kanisa halikupenda, kwa Kilatini cha kanisa wakahesabu feria secunda, feria tertia na kuendelea, na kule kwa Wareno mapokeo yanamtaja askofu Martin wa Braga wa karne ya sita kuwa ndiye aliyeyapiga vita majina hayo ya miungu. Kwengine watu wakaendelea na Mars wao, Wareno wakashika namba mpaka leo. Na tazama neno lenyewe, leo wa tatu kwa Kireno ni terceiro, lakini siku imebaki terça, moja kwa moja kutoka tertia ya Kilatini. Siku za juma ni kama jokofu, kilichowekwa humo zamani bado kibichi.

Baada ya kumi Kireno ni rahisi kuliko ndugu zake, unaunganisha tu: décimo primeiro, décimo segundo, vigésimo primeiro. Na kwa kuwa uko Pemba nakukumbusha kuwa hawa jamaa tumekaa nao mwambao huu karibu miaka mia mbili, mpaka Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1698, na waliyotuachia unayataja kila siku bila kujua. Meza, leso, gereza. Nenda barazani kwenye karata usikie kopa, uru, shupaza, pau, turufu, na ile seti ni sete yao, saba. Mchezo wa ng'ombe wa huko kwenu nao watu wanasema ni wao. Majina ya siku ndo hatukuyachukua, na shemegi yako kakutia hasara kwa hilo.

*Maalim mimi nasoma Kifaransa hapa mjini. Tumeambiwa "second" ni pale viko viwili tu na "deuxième" vikiwa zaidi ya viwili, lakini Mfaransa mmoja kaniambia hakuna tafauti. Halafu mbona wanaandika c wanatamka g? Na niliandika "vingt-premier" nikakatwa maksi. (Mwanafunzi, Mjini)*

Maksi hizo umekatwa kwa haki. Ishirini na moja ni vingt et unième. Hilo unième peke yake hulikuti, halitembei bila mwenzake, wa kwanza siku zote ni premier, première kwa kike, lakini kwenye ishirini na moja, thalathini na moja na kadhalika ndipo linapotokea.

Kifaransa mpaka wake uko chini sana. Mtaliano kaziweka kumi, Mfaransa kaweka premier na second tu, kuanzia tatu kila kitu ni -ième: troisième, quatrième, cinquième (imeongezwa u), neuvième (f imekuwa v). Na -ième hio ilivyo na njaa imekula hata ya pili, ndo ukapata deuxième pembeni ya second. Ile sheria ya vitu viwili ipo vitabuni, wapo wanaoishika kwa nguvu, lakini Académie française, baraza lao la kulinda lugha, haliilazimishi. Vita vya pili vya dunia utaona Seconde Guerre mondiale na pia Deuxième. Kwenye mtihani fuata ulivyofundishwa, nje ya mtihani sema utakavyo.

Ile g ya second ni sauti ya k ya Kilatini ilivyolegea, Mhispania na Mreno wanaiandika wazi, segundo, Mfaransa anaitamka lakini kwenye maandishi kamuekea heshima babu.

Kinachonifurahisha mimi lakini ni yale ya zamani yaliyomezwa. Kifaransa cha kale kilikuwa na tiers wa tatu, quart wa nne, quint wa tano, na hayakufa yote, yamejificha. Tiers leo ni thuluthi, quart ni robo. Tiers état lilikuwa tabaka la tatu, watu wa kawaida, kwenye mapinduzi ya 1789, na mwaka 1952 Alfred Sauvy akaligeuza likawa tiers monde, ndo hii "dunia ya tatu" tunayoitwa. Mfalme Charles wa Tano, yule aliyezaliwa 1500 akatawala Hispania na Ujerumani, mpaka leo anaitwa Charles Quint, hakuna Mfaransa atakayemwita cinquième. Wafalme wengine wanapewa namba tupu, Louis XIV ni quatorze, na wa kwanza tu ndo premier, François premier. Mtaliano yeye hana mchezo huo, kwake huyo huyo Louis ni Luigi quattordicesimo na mkia wake.

*Mwanangu wa skuli kaniuliza: septem ni saba, octo nane, sasa mbona Septemba mwezi wa tisa na Oktoba wa kumi? Nimekosa la kumjibu. (Mama, Wete)*

Mjibu kwa mifunguo, bibie. Sisi Maulidi ni mwezi kumi na mbili Mfunguo Sita, lakini kwa Kiarabu huo ni Rabiul Awwal, mwezi wa tatu wa mwaka wa Hijria. Sita imetoka wapi? Tumehesabu kutoka tulipofungua, Mfunguo Mosi ndo baada ya Ramadhani. Warumi nao mwaka wao wa kale ulianza Machi, hesabu kutoka hapo na Septemba inakuwa ya saba sawasawa, Desemba ya kumi. Baadae, mwaka 153 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, makonsuli, yaani watawala wao wakuu wa kila mwaka, wakaanza kushika kazi tarehe mosi Januari na mwanzo wa mwaka ukahamia huko, majina yakabaki. Palikuwa pia na Quintilis wa tano na Sextilis wa sita, huyo wa tano akapewa jina la Julius Caesar, ndo Julai, na wa sita la Augusto, ndo Agosti.

Na mwambie mtoto jengine, Warumi saa walihesabu kama sisi, kutoka jua linapochomoza. Saa yao ya sita, hora sexta, ilikuwa inaishia adhuhuri, saa sita yetu hii hii ya mchana. Mhispania katoa humo siesta, usingizi wa mchana. Mzungu akija hapa akasema saa zetu zimegeuzwa muulize siesta maana yake nini.

*Maalim sisi barazani ni Real Madrid. 2014 ilikuwa La Décima, kombe letu la kumi la Klabu Bingwa Ulaya, sasa tunabishana zilizofuata zinaitwaje na mmoja anasema "onceava". (Vijana wa Barazani, Jang'ombe)*

Huyo wa onceava mnyamazisheni, onceavo ni sehemu moja ya kumi na moja, kipande cha keki hicho, ingawa na Wahispania wenyewe wengi wanateleza hapo. Lisbon 2014 ni la Décima, Milan 2016 la Undécima, Cardiff 2017 la Duodécima, Kyiv 2018 la Decimotercera, Paris 2022 la Decimocuarta, London 2024 la Decimoquinta. Zote kike kwa sababu copa ni ya kike. Mnaona Mhispania kashika Kilatini mpaka kumi na mbili halafu akaanza kuunganisha, isipokuwa wa tisa ambaye ni noveno, nono wamemuachia Papa Pío nono peke yake. Lakini hayo ni ya magazeti na sherehe. Mtu wa kawaida akipita kumi anachoka anatumia namba tupu, ghorofa ya kumi na moja ni piso once, karne hii ni siglo veintiuno, Felipe wao wa leo ni sexto lakini babu yake mkuu Alfonso XIII ni trece.

Na kama barazani hapo yuko wa Barcelona asijione hajatajwa, kwao ni Kikatalani, na mpaka wao ni mwengine tena: primer, segon, tercer, quart, halafu kuanzia tano mkia mmoja, cinquè, sisè, setè. Waromania ndo wamekwenda mbali kuliko wote, zile za Kilatini karibu zote wamezitupa, wanasema al doilea, al treilea, al patrulea, na hio al mbele ni ile ile wanayotumia kwa kumiliki, yaani kama "wa" yetu ya wa pili, wa tatu, wa nne. Mswahili akijifunza Kiromania hapo atapumzika.

Ikija ya kumi na sita itakuwa la Decimosexta, andikeni mapema kwenye bango. Madrid kwenyewe huko mitaani wengi watasema la dieciséis.